Misimu miwili na dabo kebini mpya: gari zuri, ila magunia yanabaki shambani

Nimemaliza misimu miwili ya korosho na pikapu mpya ya dabo kebini, yaani yenye safu mbili za viti. Kabla ya hapo nilikuwa na singo kebini ya mwaka 1994 aliyonikabidhi mjomba. Chapa sitaitaja, maana ninayoyasema utayakuta karibu kwenye pikapu zote za siku hizi.

Kazi yangu ni kutoa korosho shambani Newala hadi ghala la chama cha msingi, na msimu ukiisha nashusha makopa ya muhogo Mtwara mjini. Siku ya kwanza kupakia ndiyo nilijua nimenunua nini. Gunia la korosho ni kilo 80. Gari la zamani, ukingo wa bodi unanifika kiunoni. Watu wawili mnashika pembe, mnarusha, limeingia. Hili jipya ukingo uko kifuani. Vijana walipandisha magunia matano wakaomba kupumzika, na la tisa likakosa pa kukaa. Zamani tulikuwa tunapanga kumi na mawili. Mjomba, aliyekuwa amekaa chini ya mkorosho, akaniuliza, "Mpwa wangu, haya mengine yanabaki?" Nikachukua utepe nikapima: bodi ya zamani mita 2.2, ya sasa mita 1.5. Gari limerefuka, bodi imefupika. Urefu wote umeliwa na kebini.

Tena hili si jambo la jana. Chukua mfano wa pikapu ya Toyota Hilux: ya kwanza ya mwaka 1968 ilikuwa na urefu wa kama mita 4.3 na upana usiofika mita 1.6. Dabo kebini yake ya sasa ina mita 5.3 kwa 1.85. Kule Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linatoka kwenye kundi la magari madogo, ndiyo maana kwa miaka mingi pikapu zao zilibanwa humo. Mwaka 2004 utengenezaji wa Hilux ukahamia nje ya Japani, Thailand ikiwa kituo kikubwa, na mbano huo ukaisha. Wanunuzi nao wakataka gari moja la mzigo na familia. Ongeza mifuko ya hewa, milango minene na pua ndefu ya kupokea ajali.

Marekani sheria yenyewe imesaidia. Tangu 2011 kiwango cha ulaji wa mafuta cha pikapu kinapangwa kwa eneo lililo kati ya magurudumu: eneo likiwa kubwa, masharti yanalegea. Mtengenezaji hana sababu ya kuhangaika na gari dogo.

Nalisifu pale linapostahili. Kuteremka mlima wa Newala mvua ikinyesha, na watoto kiti cha nyuma, breki zake zinanipa amani ambayo gari la zamani halikuwahi kunipa. Masasi unafika mgongo hauumi. Ila njia za shambani linakwaruzwa na matawi pande zote mbili, na vichochoro vya Mikindani siingii nalo tena.

Kama unasafirisha watu na mzigo kidogo, nunua. Kama unakula kwa magunia, tafuta singo kebini, hata iliyotumika. Ya mjomba sijaiuza. Nimeishaagiza springi za nyuma, na Oktoba ndiyo itakayoingia shambani.