Sambusa za kaa pale Dabaso, na maji yanayozilea

Jumamosi nilimpeleka mjomba wangu Crab Shack, ule mgahawa wa kikundi cha wanakijiji wa Dabaso, ndani ya mikoko ya Mida Creek, hori iliyo karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Mjomba amevua Uyombo, ng'ambo ya mlango wa hori, tangu ujana wake, lakini hajawahi kuketi mezani akaandaliwa kaa na mtu mwingine.

Unaingia kwa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, na chini yetu vikaa vidogo vilichungulia matunduni na kurudi topeni. Sambusa zikaja moto: manda nyembamba, na ndani nyama ya kaa hasa, sio viazi vya kujazia. Ukikamulia ndimu, huhitaji kitu kingine. Kisha akaja kaa mzima, magando yameshapasuliwa. Mjomba alinyonya kila mguu, akapanga maganda kwenye ukingo wa sahani kama anayehesabu samaki wake.

"Jike hatagi humu, mwanangu," akaniambia. "Hutoka hadi bahari kubwa. Watoto ndio hurudi na maji."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Uyombo ndipo serikali ilipopanga kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000. Wenyeji walipinga, na Mei 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Wengi hapa wanahofia mlipuko. Mimi nahofia zaidi kazi ya kila siku ya kinu kizima, kisicho na hitilafu.

Kinu cha nyuklia hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Linalobaki lazima litupwe. Cha ukubwa huo kikipoozwa kwa maji ya bahari yanayopita mara moja, huvuta kama mita za ujazo 40 hadi 50 kila sekunde, kisha kuyarudisha yakiwa na joto la nyuzi kama 10 zaidi, mara nyingi yakiwa na klorini ya kuzuia chaza wasizibe mabomba. Wavu wa mlangoni huzuia samaki mkubwa. Mtoto wa kaa, mdogo kuliko punje ya mchele, hupita na maji hadi ndani. Na matumbawe yetu hayana subira na joto: El Niño ya 1998, iliyopasha bahari joto, iliyaua mengi Watamu na Malindi.

Sikatai kwamba nyuklia ina jema lake. Haimwagi kaboni kama makaa ya mawe, yale ambayo kinu kilichopangwa Lamu kingeyachoma kama mahakama ya mazingira haingefuta leseni yake Juni 2019. Lakini umeme wa Kenya tayari unatoka kwa wingi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Na mabaki ya fueli ya nyuklia yanahitaji kulindwa kwa maelfu ya miaka. Sijasikia jibu la kuniridhisha yatalindwa wapi.

Mwaka 2025 macho ya serikali yalihamia Siaya, kwenye Ziwa Viktoria. Mjomba alishusha pumzi. Mimi bado, maana kule nako kuna wavuvi, na ziwa halina kupwa na kujaa kwa kubeba joto kulipeleka mbali.

Turudi mezani. Nyota tano, na sioni haya kuzitoa zote. Hiki ni kikundi kinachopanda mikoko na kufuga kaa, kwa hiyo anayekuuzia sambusa ana sababu ya kuitunza hori. Nenda alasiri, jua linapoelekea kuzama, na ubebe dawa ya mbu. Ulizia pia saa za maji siku hiyo: yakianza kujaa, husikika yakipenya kwenye mizizi chini ya mbao. Mjomba aliyasikia kabla yangu, akaacha kula akayasikiliza.