Kozi ya video ya solo la bluzi: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi ya kupiga solo la bluzi kwa gitaa niliyoinunua mtandaoni. Nawapendekezea hasa wenzangu wapiga gitaa la ridhim, la kusindikiza: unazijua kodi zako (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), mapigo unayashika vizuri, ila ukiambiwa upokee solo vidole vinakosa cha kusema.

Mwalimu anaanza na bluzi ya baa 12 (vipande 12 vya mapigo manne manne) katika A, yaani kodi za A7, D7 na E7, pamoja na skeli ya pentatoniki maina, ngazi ya noti tano, kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Hapo sikukaa sana. Utamu uko kwenye somo la kuvuta uzi, yaani kuusukuma pembeni kwa kidole ili sauti ipande. Unapiga uzi wa pili freti ya 5, unaisikiliza ile sauti, kisha unavuta uzi wa tatu kutoka freti ya 7 mpaka uifikie. Zisipolingana, unarudia. Kidole cha pete ndicho kinachovuta, cha kati na cha shahada vinakisaidia kwa nyuma, na nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono. Hakuna aliyewahi kunielekeza hivyo, na gitaa langu sasa linalia kweli.

Jingine lililonikaa kichwani: A7 ikiwa inaendelea, tua kwenye noti ya C#, uzi wa tatu freti ya 6. Baa ya 5 ikifika na D7 ikaingia, rudi nyuma freti moja tu, kwenye C. Basi! Msikilizaji atasikia kodi imebadilika hata kama hakuna anayekupigia ridhim.

Halafu kuna zoezi la kuimba mstari mmoja, unanyamaza, gitaa linakuitikia. Ndivyo alivyofanya B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa maarufu wa bluzi wa Marekani: akiimba hapigi, akipiga haimbi. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea gitaa la solo kumjibu mwimbaji, kwa hiyo somo hili lilinikuta nyumbani. Nikaenda kutazama tena video za B.B. King alipopiga Kinshasa mwaka 1974, na safari hii nilikuwa nafuatilia pale anapokaa kimya.

Kasoro zipo. Kwenye masomo ya mwisho kamera imewekwa mbali, na mtikiso wa uzi ni kitu cha kuonwa kwa karibu. Maandishi ya tabo, yanayoonyesha uzi na freti ya kushika, hayatoshi. Video hazipakuliki, kwa hiyo bando linakwisha upesi. Malipo ni kwa kadi tu, kwa simu hapana, na hilo linawafungia nje vijana wengi.

Ukiamua kuinunua, angalia nyuzi zako kwanza. Kama umefunga seti ya 11, weka ya 9 au 10, ambayo ni nyembamba zaidi, kabla ya kufika kwenye somo la kuvuta. Na usiache midundo ya kusindikizia inayokuja na kozi. Ule wa bluzi ya polepole katika A naufungua kila jioni.