Bawaba za Kabati la Jikoni kwa Nyumba za Pwani: Zipi za Kununua

Katika nyumba za Mombasa, Tanga au Unguja, bawaba za kabati la jikoni aghalabu huharibika kabla ya mbao zenyewe, kwa kuwa upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi huvuta unyevu ukakaa juu ya chuma hata siku ya jua kali. Kwa hiyo mnunuzi wa pwani hana budi kuuliza kwanza bawaba imetengenezwa kwa nini, ndipo atazame sura na bei.

Nafasi ya kwanza naipa bawaba ya chuma cha pua cha daraja la 304, chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Kromiamu hufanya utando mwembamba usioonekana, ambao hujirudisha wenyewe unapokwaruzwa. Daraja la 316, lililoongezwa molibdeni, hustahimili chumvi zaidi, ila ni ghali, nami ningelinunua tu kwa kabati la barazani linalopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Zile bawaba za ndani zenye kikombe cha milimita 35, yaani kile kiduara kinachozama ndani ya mlango, zichunguzwe zote, pamoja na springi na skrubu zake, kwani kikombe kinaweza kuwa cha chuma cha pua na skrubu zikawa za chuma cha kawaida.

Ya pili ni shaba ya manjano isiyochanganywa na chuma. Hufifia na pengine kuota ukijani, lakini haishiki kutu, mradi ifungwe kwa skrubu za shaba. Nenda dukani na sumaku: ikinasa, hiyo ni bawaba ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba. Kwa chuma cha pua, sumaku haitoshi kuwa ushahidi, maana daraja hafifu la 201 nalo huweza lisinase. Dai daraja liandikwe kwenye risiti.

Bawaba zilizopakwa nikeli ni za tatu, na zile zilizopakwa zinki ni za mwisho. Bara zinafaa vizuri. Pwani, mkwaruzo mmoja wa bisibisi hufungulia kutu njia.

Kama za zamani zimeshika kutu ya juu juu tu, zifungue, uziloweke katika siki nyeupe usiku kucha, uzisugue kwa mswaki mkuukuu, uzisuuze kwa maji yenye magadi kidogo, kisha uzikaushe kabisa na kuzitia tone la mafuta ya cherehani. Za zinki usiziloweke, kwa sababu siki huyeyusha zinki iliyosalia. Iliyokwisha kuliwa mashimo, au ambayo springi yake imelegea, ibadilishwe. Na dawa ya klorini ya kuondolea madoa isiwekwe katika kabati la chini ya sinki, kwani mvuke wake hula hata chuma cha pua.