Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II: Lenzi ya Mtumba kwa Farasi Wanaoruka Viunzi

Nianze na pesa, maana najua wengi mtateremka moja kwa moja mkitafuta bei. Hii yangu niliipata mtumba hapa Nairobi kwa laki moja na kumi, mwili umekwaruzika lakini vioo safi. Toleo hili la pili lilitoka 2010. La tatu likaja 2018, na vioo vyake vimepangwa vilevile. Walichobadilisha hasa ni tabaka za kuzuia mng'ao na rangi ya nje. Muuzaji akikuhimiza uongeze pesa uchukue la tatu eti picha ni kali zaidi, mshukuru, uage.

Jumamosi mimi ni mtu wa harusi. Jumapili, mashindano ya farasi yakiwepo, nitakuwa Karen au Jamhuri Park, nimekaa chini kabisa kando ya uwanja wa mchanga, nikipiga picha watoto wa watu wakiruka viunzi na farasi wao. Jioni picha zinaenda kwa wazazi kwa WhatsApp, malipo yanarudi kwa M-Pesa. Ni mchezo wa watu wachache kwetu, ila hao wachache wananunua picha kuliko maharusi. Harusini naweza kufanya kazi bila lenzi hii. Kwa farasi, hapana.

Sababu ya kwanza ni takataka za nyuma. Utapata farasi ameruka vizuri, magoti yamekunjwa sawasawa, masikio mbele, na nyuma yake kuna Prado tatu, hema la chai, bango la mdhamini na mjomba anayekula samosa. Huwezi kumwomba mjomba asogee. Kwenye 200mm, yaani lenzi ikivutwa hadi mwisho, f/2.8 (tundu la mwanga likiwa wazi kabisa) inamyeyusha mpaka abaki doa la rangi. Lenzi ya f/4, yenye tundu dogo zaidi, itampunguza, lakini samosa bado utaiona.

Ya pili ni wepesi wa fokasi, na hapa ndipo lenzi inapolipa deni lake. Naitumia na Canon 7D Mark II, kamera ya 2014 yenye sensa ndogo, kwa hiyo 200mm inaona kama 320mm. Kuna swichi ubavuni mwa lenzi inayoiambia isihangaike na kitu chochote kilicho karibu kuliko mita 2.5. Iweke hapo na uisahau. Kwenye kamera nachagua fokasi endelevu, kisha ile mipangilio inayoitwa Case 2, ambayo humshikilia mlengwa hata kitu kingine kikikatiza mbele yake. Uwanja wa viunzi umejaa vya kukatiza: nguzo za pembeni, fito, masanduku ya maua ya plastiki. Bila Case 2, utarudi nyumbani na maua makali sana na farasi wa ukungu.

Sasa kuna jambo ambalo wauza kamera hawalisemi. Kamera yangu inapiga picha 10 kwa sekunde, na mtu anadhani basi, shikilia kitufe, utachagua baadaye. Piga hesabu. Farasi anayekimbia mwendo wa mita 350 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa mashindano, anasogea karibu sentimita 58 kati ya picha moja na inayofuata. Juu ya kiunzi anakaa takriban nusu sekunde. Unapata picha tano hivi, na ile ya magoti yamekunjwa kikamilifu inaweza kabisa kuwa imeangukia katikati ya mbili. Mimi husikiliza kwato. Hatua za mwisho kabla ya kuruka zina mdundo wake, na ukiuzoea unabofya mara moja tu, anapoiacha ardhi. Lenzi hii haichelewi kwenye mbofyo huo mmoja, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko ukali wa vioo ambao kila mtu anausifu.

Ile IS, yaani kitulizaji cha mtikisiko, mimi huizima. Kasi ya shata ikiwa 1/1250 ya sekunde haina la kufanya. Naiwasha kwenye namba 2 ya swichi yake tu nikitaka kumfuata farasi kwa kasi ndogo, tuseme 1/60, ili uwanja uchoreke mistari. Picha hizo wazazi hawanunui, lakini mimi nazipenda.

Uzito ni gramu 1,490 kabla hujaweka kamera. Kufika saa nane mchana bega linaanza kulalamika, na mguu mmoja wa kusimamishia si anasa. Tena ile rangi nyeupe. Uwanjani inakufungulia njia, watu wanadhani umetumwa na gazeti. Kwenye matatu ya Ngong Road inakutangaza kwa kila anayetafuta cha kuiba. Mimi huivalisha sweta kuukuu ndani ya begi la shule.

Na urefu una mipaka. Kiunzi kikiwa kona ya mbali, hata hiyo 320mm ya kujipa haitoshi. Tembea kabla ya mashindano, tazama mpangilio wa viunzi, chagua viwili au vitatu ambavyo farasi atakujia kwa mshazari, uso wa mtoto ukionekana, vingine achana navyo. Jua la saa sita kwetu linasimama utosini, na kofia ya mpandaji inameza macho yote. Mchanga mweupe hurudisha mwanga kidogo chini ya kofia, kwenye majani hupati msaada huo. Flashi usiiguse. Farasi akishtuka na mtoto akaanguka, hutakanyaga tena uwanja ule, na itakuwa haki.

Kama unapiga mchana tu na mgongo wako ni wa thamani, 70-200 f/4L IS ina gramu 760 na bei ya chini sana. Ichukue bila aibu, uwe tayari kupambana na samosa. Mwenye kamera mpya za Canon za R, zile zisizo na kioo ndani, asiogope hii ya zamani, inafungwa kwa adapta na inafanya kazi vizuri.

Ukienda kununua, beba tochi ya simu. Mulika kutoka nyuma ya lenzi, utazame kwa mbele: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, hasa kwa lenzi iliyoishi Mombasa, na hiyo iache hata ukipunguziwa nusu. Zungusha ringi ya kuvuta uone kama ina mchanga ndani. Na udai kofia yake ya kuzuia mwanga wa pembeni, ET-87, kabla hujatuma pesa.