Semina ya waelimishaji rika Malindi: nilitolewa nje na bado nawapa nne kwa tano

Wengi mumeniuliza ile semina ya Jumamosi ya mimba za utotoni kama ni ya maana ama ni zile za kupewa soda na tishati mukapigwa picha mukaenda zenu. Nilimpeleka binti yangu wa miaka 15, kwa hio nasema nilichokiona.

Lawama kwanza. Walisema saa tatu wakaanza saa tano kasorobo, ukumbi ni mabati matupu na feni moja, na makaratasi waliyogawa yote ya Kizungu, sasa mtoto akienda nalo nyumbani nyanyake atalisoma vipi? Hapo nimekata nyota moja na sirudishi.

Halafu nikafukuzwa. Kijana wa kama miaka 19 akaja, "Shikamoo mama, tunaomba wazazi mukae barazani, wakiwaona hawataongea." Nilifura wallahi, lakini nikakaa karibu na dirisha, umbea sikuuacha nyumbani.

Na kweli waliongea. Kulikuwa na kisanduku, kila mtoto anaandika swali bila jina linasomwa mbele. Ati mara ya kwanza hushiki mimba? Ati ukirukaruka baadae inatoka? Ati kuna siku salama? Mwelimishaji mwenyewe msichana mdogo tu, hakucheka wala hakushtuka, akachora duara ubaoni akawaeleza mbegu ya mwanamume yaweza kukaa hai mwilini hadi siku 5 ikingojea yai, na mzunguko wa msichana mdogo mara nyingi haujatulia, sasa hizo siku salama za kuhesabu na vidole ndizo zinazowaingiza wengi. P2, ile tembe ya kuzuia mimba baada ya tendo, ndio iliulizwa zaidi, akasema ni ya dharura, ukichelewa nguvu inapungua, haizuii ukimwi na si ya kumeza kila wikendi. Mimi ningesema "jichunge" nikamaliza.

Kisha bodaboda. Munajua wenyewe, mtoto anabebwa bure wiki mbili, ya tatu anadaiwa. Wakaigiza, mmoja boda mwengine mwanafunzi, wakafanya zoezi la kukataa mpaka na yule mwenye aibu akaweza. Na wakaambiwa wazi, chini ya miaka 18 hata akikubali kisheria kosa ni la huyo mkubwa, na 116 ni laini ya watoto, kupiga ni bure. Disco matanga, zile dansi za usiku kwenye matanga, waligusa upesiupesi tu, na huku ndio ingefaa wakae hapo sana.

Kilichoniudhi, wavulana walikuwa watano. Watano! Kwani hizo mimba zaingia na kaskazi? Na hakuna aliyetaja kwamba msichana akijifungua aruhusiwa kurudi shule, sera iko tangu 1994 na mwongozo mpya ukatolewa 2020, mimi ndio nilisema nilipoitwa kutoa shukrani.

Usiku tukiosha vyombo binti akaniuliza swali moja, silisemi hapa, nikamjibu vile nilivyosikia dirishani.

Ni bure, ila bebeni maji. Ijayo nampeleka na kakake, ashanuna tayari.