Kununua HepPar-1: uliza kwanza kuhusu biotini

Malalamiko yamezidi. Wateknolojia wa maabara za patholojia wananiandikia jambo lilelile kwa maneno tofauti: "Dada, HepPar-1 tuliyonunua inashika kila kitu, tununue ya kampuni gani?" HepPar-1 ni kingamwili ya kutambua seli za ini kwenye slaidi. Mmoja alinitumia picha ya biopsi ya ini yenye uvimbe uliosambaa kutoka utumbo mpana. Seli za uvimbe zilijaa chembechembe za kahawia, utadhani saratani imeanzia kwenye ini lenyewe. Nikamwomba akate slaidi nyingine kutoka bloku hiyohiyo, aipitishe hatua zote, ila asiiwekee kingamwili. Ikatoka na chembechembe zilezile.

Kwa hiyo kingamwili haikuhusika kabisa, na kubadilisha kampuni kusingemsaidia. Kilichohusika ni seti ya kugundulia aliyouziwa pamoja nayo, yaani kemikali zinazotoa rangi pale kingamwili iliposhika, na hiyo hakuna anayeniuliza.

HepPar-1 ilianza kuandikwa mwaka 1993, wakati haijajulikana inashika nini ndani ya seli. Mwaka 2008 ndipo ilipobainika kwamba inashika CPS1, kimeng'enya kinachoanzisha mzunguko wa urea kwa kuiondoa amonia. Kinakaa ndani ya mitokondria, na ini lina mitokondria tele. Ndiyo maana seli ya ini ikishika rangi vizuri huonekana na punje ndogondogo, si rangi iliyotandazwa sawasawa.

Sasa tazama mahali biotini ya mwili, ambayo ni vitamini, inapokaa. Vimeng'enya vinavyoibeba, kama piruveti kaboksilasi na propionili-KoA kaboksilasi, navyo vimo ndani ya mitokondria. Seti za kizamani za ABC na LSAB hufanya kazi kwa protini za avidini au streptavidini kung'ang'ania biotini. Haziwezi kutofautisha biotini iliyotoka kwenye chupa yako na ile aliyokuja nayo mgonjwa. Ukichemsha slaidi ili kufichua antijeni, biotini ya mgonjwa hujitokeza zaidi. Haidrojeni peroksaidi haiigusi, kwani kazi yake ni kuzima peroksidasi tu, kimeng'enya cha tishu kinachoweza nacho kutoa rangi. Ini na figo zina biotini nyingi, na baadhi ya uvimbe wa utumbo mpana nao unayo. Matokeo ni punje za kahawia katika mitokondria, yaani sura ileile unayoitafuta! Kwa kingamwili ya kiini cha seli ungelitambua kosa mara moja. Kwa kimeng'enya cha mitokondria, mpatholojia mzuri kabisa anaweza kudanganyika.

Linaloniumiza zaidi ni kontroli, yaani tishu ya kulinganishia. Karibu kila maabara hutumia ini la kawaida kama kontroli chanya ya HepPar-1. Ukiwa na seti ya biotini, ini hilo litageuka kahawia hata kama kingamwili imekufa kwa joto la bandarini. Kontroli imefaulu, chupa imeharibika, na ripoti inatoka. Ongeza kipande cha utumbo mwembamba, maana epitheli yake ina CPS1, na kipande cha figo, ambacho kina biotini tele lakini hakitarajiwi kushika HepPar-1. Figo ikiwa ya kahawia, simamisha kazi yote.

Katika ukanda wetu homa ya ini B na sumukuvu vinaleta saratani ya ini kwa watu ambao bado wana nguvu za kufanya kazi. Saratani iliyoanzia kwenye ini na ile iliyosafiri kutoka tumboni hazitibiwi kwa njia moja. Punje hizo ndizo zinazoamua mtu ataelekezwa wapi.

Haya, nizipange bidhaa ninavyozipanga mimi.

Ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni Dako, ambayo siku hizi iko chini ya Agilent: kloni (ukoo wa seli unaozalisha kingamwili) OCH1E5, iliyokolea, unayoizimua mwenyewe, pamoja na EnVision FLEX. EnVision hutumia polima iliyobeba kingamwili ya pili na kimeng'enya cha kutoa rangi, haina biotini hata chembe. Chupa ndogo iliyokolea hudumu muda mrefu kwa maabara isiyopata biopsi za ini kila siku, na kuizimua mwenyewe kunakulazimisha uijue. Jaribu viwango kadhaa kwa ini na figo pamoja, kisha chagua kile kinachoacha figo nyeupe.

Ya pili ni zile zilizozimuliwa tayari kwa ajili ya mashine. Ukiwa na Ventana ya Roche, tumia ultraView au OptiView, zote hazina biotini. Ukiona iVIEW kwenye rafu, hiyo ina biotini, usiitumie kwa kazi hii. Mwenye mashine ya Leica atumie BOND Polymer Refine. Ubaya wake ni kwamba umefungwa kwa muuzaji mmoja, akiishiwa nawe umeishiwa.

Ya tatu ni Cell Marque. Kloni ni ileile OCH1E5, nayo ni nzuri. Naiweka chini ya Dako kwa sababu huku kwetu mawakala huiuza peke yake, kisha wanakuachia utafute seti ya kugundulia, na hapo ndipo ABC ya bei poa inapoingia.

Kwa watafiti ni habari nyingine. OCH1E5 imetokana na panya, kwa hiyo ukiitumia kwa tishu za panya, kingamwili ya pili, ile inayotafuta kingamwili ya panya, itashika kingamwili za mnyama mwenyewe. Nunua ya sungura ya monokloni dhidi ya CPS1, Abcam wanayo. Kwenye westani (western blot, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa), CPS1 hukaa karibu na kilodalton 165, basi tumia jeli nyepesi na uhamishe taratibu. Usitumie streptavidini hapo pia: utaona mistari karibu na 130 na 75, ukadhani CPS1 imevunjika, kumbe ni kaboksilasi zimejitokeza.

Za bei rahisi, zile za polikloni zisizo na jina la kloni wala picha ya tishu ya binadamu: sizipendekezi.

Kuhusu mawakala nitasema wazi. Kuna wakala aliyeandikiwa seti ya polima, akaleta ABC na barua ya kusema "ni sawa". Si sawa, na alijua, kwa sababu bei alizolipa kwa mtengenezaji ni tofauti. Proforma zinakuja na maneno "HepPar-1, chupa moja", bila kloni, bila ujazo, bila namba ya katalogi. Ukiuliza, unaambiwa mzigo uko njiani. Usafiri wa chupa moja isiyojaa kiganja unatozwa kama wa sanduku zima, na chupa inafika imebakiza miezi michache. Anayelipa tofauti hiyo ni mgonjwa aliyeuza mbuzi ili apimwe.

Kama umeshakwama na seti ya ABC na bajeti imefungwa, weka hatua ya kuziba biotini kabla ya kingamwili: avidini, suuza, kisha biotini, suuza. Ute wa yai una avidini, na wapo wanaoutumia kwa hatua hiyo ya kwanza. Maziwa ya unga yana biotini, usiyatumie kuzimulia streptavidini.

Fedha ikitosha kuongeza kingamwili moja, iwe Arginase-1. Ni kimeng'enya cha mwisho cha mzunguko uleule, lakini kiko nje ya mitokondria, na rangi yake hutanda kwenye saitoplazimu na mara nyingi hata kwenye kiini, hivyo punje za biotini haziigizi sura yake kirahisi. Pia huzishika vizuri zaidi saratani za ini zilizopoteza umbo, ambako HepPar-1 mara nyingi hunyamaza. Unapoagiza zote mbili, andika kwenye oda yenyewe: "mfumo wa polima, usio na biotini, mbadala haupokelewi." Kisha chupa isisainiwe na mtu wa stoo kabla mtu wa maabara hajaisoma lebo.