Toyota Noah au Toyota Wish kwa Familia ya Watu Saba

Toyota Noah na Toyota Wish zote huweza kubeba watu saba, lakini tofauti yake huonekana siku viti vyote vinapojaa. Noah ina paa la juu na milango ya nyuma inayoteleza pembeni, hivyo mama aliyepakata mtoto hushuka bila taabu hata Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambako magari huegeshwa yakibanana, na bibi huketi safu ya tatu bila kujikunja. Safu hiyo ya Wish inawafaa watoto, si wazee. Tena viti vya safu hiyo vikiinuliwa, buti hubaki na nafasi ya mikoba michache tu, na mizigo ya safari ya kijijini hukosa pa kukaa.

Kwa mafuta, Wish yenye injini ya lita 1.8 na bodi nyepesi ina nafuu kuliko Noah ya lita 2.0, hasa katika foleni za mjini. Kwenye barabara za vumbi za Goba hakuna iliyo bora: gari hizi zikijaa watu, zote hugusa chini na kuchosha shokomzoba mapema. Familia inayoishi na wazee, kwa maoni yangu, ichukue Noah na ikubali gharama ya mafuta.